Safari ingine, na hii haijaisha

Miezi hii, karibu kila mukutano wetu unaisha na swali moja. Mufanyakazi anasimama, anatoa karatasi mu mufuko, anasema: «Delege, kontra yangu ingali na miezi mitatu. Lakini jana walitupanga mulongo mbele ya biro, wakatupatia kontra ingine tusinye. Nisinye ao nisisinye?» Wengine walishasinya zamani, wanakuja tu kuuliza kama walifanya vizuri. Bibi zao wanauliza swali ileile, na wao wanauliza kwa nguvu zaidi, juu ni wao wenye kuhesabu unga ya mwezi.

Tutajibu. Lakini tunaomba ruhusa tupite kwanza mbali kidogo, ku bahari, kwa watu wenye feza. Kule wanajua muzuri sana hii biashara ya kuuzisha safari ya kesho wakati mutu angali ndani ya safari ya leo.

Kuko meli kubwa zenye hazipeleke mutu fasi fulani. Zinamutembeza tu. Anapanda Miami ao fasi ingine ya bahari, analala ndani, anakula ndani, anashuka mu visiwa kuangalia, anarudi kupanda, na kiisha siku saba ao kumi wanamurudisha palepale alitokea. Wafaransa wanaita kruazieri. Musishangae, ni kazi kubwa: mu mwaka 2023, watu zaidi ya milioni 31 walipanda meli za namna hii mu dunia muzima. Meli moja inaweza kubeba watu elfu tano, ni kusema kamponi muzima ya mugodi, na muke na watoto, yenye kutembea juu ya maji.

Sasa, ndani ya meli hizo kuko meza moja, mara nyingi karibu na fasi watu wengi wanapita. Kampuni Royal Caribbean inaiita NextCruise. Norwegian iko na yake, inaiita CruiseNext. Majina ni mbalimbali, kazi ni moja. Unakaa pale, mutu mwenye kuvaa vizuri anakuuliza kama umefurahi. Umefurahi, ndiyo: jana ulikula samaki ya bei, leo jua ni muzuri, watoto wanaogelea. Basi anakuambia: weka feza kidogo sasa, uchague safari ya mwaka kesho. Ukiweka ukiwa hapa ndani, tutakuombea avansi ndogo kuliko ile unalipa ukiwa ku nyumba, na tutakuongezea kredi kidogo ya kutumia mu meli. Hata kama hujui bado meli gani ao tarehe gani, weka tu, utachagua kiisha.

Watu wanaweka. Wengi wanaweka kila safari, miaka na miaka, hawarudie ku nyumba bila karatasi ya safari yenye kufuata.

Juu ya nini kampuni inangangania kuuzisha pale, na haingojee mutu afike kwake, apumuzike, afikiri? Sababu ziko wazi. Mutu mwenye furaha hahesabu sana. Akifika ku nyumba atapata karatasi za madeni, ataona bei ya kampuni zingine, muke wake atamuambia paa inavuja. Tena ile avansi ndogo, ukiikusanya kwa watu elfu, ni feza yenye kuingia mu sanduku leo, na kazi yenyewe itafanyika kiisha mwaka moja ao mbili. Na mutu mwenye ameshaweka hatatafuta fasi ingine. Amefungwa na kamba ndogo, lakini ni kamba.

Hatusemi kama musafiri ni mujinga. Kuko faida ya kweli. Anachagua chumba kizuri mbele ya wengine. Bei inabakia ile walipatana. Na hapa tunaomba musome polepole, juu ndipo fundisho yetu iko: mu hesabu nyingi za namna hii, musafiri anaweza kubadilisha tarehe, anaweza kubadilisha meli, na kama avansi ni ya kurudishwa, anaweza kufuta yote na kurudishiwa feza yake, bora asipite siku yenye waliandika ya kumaliza kulipa, mara nyingi siku 90 hivi mbele meli iondoke. Kuko pia avansi zenye hazirudishwe. Zile ni rahisi zaidi, na mutu mwenye akili anauliza hiyo mbele ya yote. Lakini kwa jumla, yeye anafunga mulango na ufunguo inabakia mu mukono yake. Kampuni imepata feza kidogo. Yeye amepata haki ya kukataa.

Hata vile, kuko siku mambo inaharibika. Mu 2020, wakati ya Covid, safari zilifutwa moja kisha ingine, na makampuni makubwa yaliwaambia wasafiri: badala ya kuwarudishia feza, tutawapatia kredi ya safari ya mbele, tena tutaongeza juu, 125 badala ya 100. Wenye walijua haki yao waliomba feza yao. Wengine walichukua karatasi. Mu Januari 2022, kampuni moja ya watajiri, Crystal Cruises, ilisimamisha kazi. Meli yake Crystal Symphony ilikuwa inarudia Miami na wasafiri ndani. Juge wa Marekani akatoa amri meli ikamatwe juu ya deni ya mafuta. Meli ikageuza njia, ikaenda kusimama Bimini, mu Bahamas, na wasafiri wakapandishwa mu mashua ingine kurudia Florida. Wenye walikuwa wameshalipa safari za mbele wakaingia mu mulongo wa wadeni, sawa wauzishaji wa mafuta na wa nyama. Karatasi ya kesho iko na nguvu tu kama mwenye kuitoa anasimama kesho.

Sasa tushuke chini, fasi ya mashini na jiko, juu ni kule ndugu zetu wako.

Mutu mwenye kuleta ile samaki, mwenye kutandika kitanda, mwenye kuosha chooni ya musafiri, anatoka Ufilipino, Indonesia, India, na inchi zingine kama zile. Bendera ya meli ni ya Bahamas ao Panama, hata kama mwenye meli yuko Marekani. (Sisi wa migodi tunajua muchezo huo: biro iko huku, feza iko kule, mwenye kujibu hayuko fasi yoyote.) Kontra yake ni miezi sita, saba, nane, tisa. Ikiisha anashuka, anarudia kwao miezi hivi mbili, na mara nyingi wakati huo hakuna mushahara. Na yeye pia, mbele ya kushuka, anangojea barua: tarehe ya kurudi, meli gani, kazi gani. Yeye pia anasinya safari ya mbele angali ndani ya hii. Lakini haweke avansi, na hakuna mwenye anamuuliza kama amefurahi. Bila ile barua, hajui kama mwaka kesho atapata kazi.

Safari ni moja, na karatasi ya mbele ni mbili. Ya juu inamupatia mutu nafasi ya kuchagua. Ya chini inamubebesha woga: akilalamika juu ya masaa ya kazi, barua inaweza kuchelewa.

Na bado hawa wa bahari wamepata kitu sisi hatujapata. Wafanyakazi wa meli walipiganisha kupitia sendika zao, na mu 2006, kule Geneva, walipitisha Makubaliano juu ya Kazi ya Bahari, yenye ilianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Inasema mufanyakazi hawezi kulipishwa feza ya kutafutiwa kazi. Inasema masaa ya kupumuzika hayawezi kuwa chini ya 10 mu kila masaa 24, na chini ya 77 mu juma. Inasema mwenye meli ndiye analipa njia ya kumurudisha kwao. Hatudanganyane, inavunjwa: mu mwisho wa 2020, wafanyakazi wa bahari karibu 400.000 walikuwa wamefungiwa mu meli za kila aina, kontra zao zimeisha, hawawezi kushuka. Lakini iko imeandikwa, na delege wa bahari anaweza kuweka kidole juu ya mustari.

Kwetu Katanga, hii mambo ya kusinya ya mbele haikuanza leo. Wazee wanajua. Wakati wa Union Minière, mu miaka ya kwanza, watu walikuwa wanaletwa kwa kontra fupi, wanatoka Kasai, Rwanda, Urundi, wanafanya miezi, wanarudia, wengi wanakufa. Karibu na 1928 kampuni iliona kama kuleta watu wapya kila mara ni hasara. Ikaanza kuwapatia kontra za miaka mitatu, ikawaacha walete bibi, ikajenga nyumba na hospitali mu kamponi. Na wakati miaka mitatu ilikaribia kuisha, walikuwa wanamusukuma mutu asinye tena angali palepale, mu nyumba ya kampuni, na muke wake na watoto wenye kula posho ya kampuni. Fikiri vizuri: huyu mutu angekataa namna gani? Nyumba ni ya nani? Posho ni ya nani? Masomo ya mutoto ni ya nani? Kampuni haikuhitaji kumulazimisha. Ilihitaji tu kuweka karatasi juu ya meza wakati mutu hana fasi ingine ya kusimama.

Na mu 2003, wakati Gécamines ilikuwa chini kabisa na mishahara ilikuwa imebaki nyuma miezi na miezi, wafanyakazi zaidi ya 10.000 walitia saini karatasi ya kuondoka «kwa kupenda». Benki ya Dunia ndiyo ilitoa feza. Kupenda gani? Mutu mwenye hajalipwa, mutoto amefukuzwa ku masomo, unamuonyesha feza mu bahasha, atasinya. Mwenye furaha ku meli na mwenye njaa ku kamponi wanafanana mu kitu kimoja tu: hakuna kati yao mwenye kusoma karatasi mupaka ukurasa wa mwisho. Wauzishaji wa karatasi wanajua hiyo. Wanachagua saa.

Basi turudi ku ile swali.

Sheria ya Kazi yetu, nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo waliitengeneza sehemu fulani mu 2016, inasema waziwazi mu kipengele 41: kontra ya muda haiwezi kupita miaka miwili. Na kama mutu ameoa na anaishi mbali na familia yake, haiwezi kupita mwaka moja. Wandugu wenye kulala mu kambi ya mugodi, na bibi amebaki Likasi ao Lubumbashi, musome hiyo mara mbili. Tena: mutu hawezi kufanya na patron mumoja zaidi ya kontra mbili za muda, wala kuipya zaidi ya mara moja, ukitosha kazi za majira na kazi fulani zenye sheria inataja. Patron akivuka pale, kontra inakuwa yenyewe kontra bila mwisho. Haiombe ruhusa kwa mutu, haiombe kashe. Na kipengele 42 inaongeza: kama kazi yenyewe ni ya kila siku mu kampuni, ya kudumu, inafaa kontra ikuwe bila mwisho tangu mwanzo. Tunauliza tu: kuendesha gari kubwa ya mawe, ni kazi ya muda? Mugodi wenye utachimbwa miaka ishirini, dereva wake ni wa miezi sita?

Hata kibarua wa siku kwa siku hajaachwa. Kipengele 40: kama ameshatumika siku 22 ndani ya miezi miwili, na wanamuandika tena mbele miezi ile miwili iishe, kontra ile ni bila mwisho.

Sasa munaona juu ya nini wanakimbia kutusinyisha mapema. Mara nyingi ile karatasi mupya, ukiiangalia juu, jina ya patron imebadilika. Mugodi ni uleule, kofia ni ileile, shefu wa ekipe ni yuleyule, basi ya asubuhi inapita njia ileile. Lakini ulikuwa kwa sutretan huyu, sasa uko kwa sutretan yule. Kwa hiyo hesabu inaanza tena ku sifuri: kontra ya kwanza, tena na muda wa kujaribiwa ndani! Mutu mwenye ametumika miaka sita juu ya mashini, wanamujaribu. Wanamujaribu nini? Kama mikono yake ingali mikono?

Na hii haiko mambo ya watu wachache. Mu Novemba 2021, shirika RAID la Uingereza pamoja na CAJJ ya Kolwezi walitoa ripoti juu ya migodi mitano mikubwa ya kobalti. Waliona kama zaidi ya nusu ya wafanyakazi walikuwa chini ya masutretan, hapana chini ya kampuni ya mugodi yenyewe.

Tufanye hesabu ya hasara, juu watu wanasema «lakini mushahara ni uleule». Mu kontra bila mwisho, patron akitaka kukutosha bila kosa, inafaa akupatie preavi: siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 kwa kila mwaka muzima. Miaka sita: 14 na 42, ni siku 56 za kazi. Ni zaidi ya miezi miwili ya mushahara. Sasa yule mwenye walimukatia miaka yake vipandevipande, kontra ya muda ikiisha, hana preavi hata siku moja. Wanamuambia tu tarehe imefika. Konje nayo inaongezeka siku moja kwa kila miaka mitano kwa patron mumoja. Yeye hatafika miaka mitano kwa mutu yoyote. Hiyo ndiyo avansi yetu. Musafiri wa meli anaweka dola zake. Sisi tunaweka miaka. Na yetu ni ya zile zenye hazirudishwe.

Watu watatuambia: «Munasema vizuri, lakini nikikataa, kesho jina yangu haiko ku liste.» Tunajua. Hatuwezi kumuambia baba wa watoto watano akuwe mutu wa kufa juu ya kipengele 41. Kwa hiyo tunasema mambo yenye kuwezekana.

Ya kwanza, omba karatasi uende nayo ku nyumba. Usiku moja tu. Kule ku meli, mwenye meza hakatale mutu aende kufikiri, atarudi kesho. Mwenye anakataa usiku moja anaficha kitu. Soma na bibi. Mara nyingi ni mama ndiye anaona kama jina imebadilika ao mushahara wa musingi umeshuka na primu imepanda, juu ni yeye anaweka karatasi zote mu valizi. Na primu, munajua, inaweza kuondoka asubuhi. Musingi haiondoke vile.

Kama karatasi inasema umeanza kazi leo, na wewe uko pale tangu miaka, sema waandike ancienneté. Mustari moja: «anachukuliwa na miaka yake tangu tarehe fulani.» Kuko mahali fulani walikubali, juu watu hawakuenda mumoja mumoja, ekipe muzima iliuliza swali ileile siku ileile, kwa heshima, bila kelele. Shefu anaweza kufuta jina moja ku liste. Kufuta majina 40, nani ataendesha mashini usiku?

Na hata kama umesinya, hujapotea. Weka kontra ya zamani. Weka zote, weka baji, weka karatasi za mushahara, hata zile zimelowana. Mbele ya enspekta wa kazi ao mbele ya tribunali, ni hizo ndizo zinasema. Sheria inasema kontra yenye kuvunja kipengele 41 ni bila mwisho, na haisemi kama saini yako inaweza kugeuza hiyo. Wengi wanatupa karatasi ya zamani siku wanapata mupya, sawa vile ngozi ya nyoka. Musitupe.

Kuko tena namna ingine ya kuuzisha kesho, hii ni ndogo na tunapita mbio, lakini inakula nyumba nyingi. Ni ile Banki Lambert. Mutu hajamaliza deni ya mwezi huu, mukopeshaji anamungojea ku geti siku ya mushahara, kadi ya benki iko kwake, na anamuambia: «Naona unanilipa vizuri papa, chukua ingine kabisa leo.» Ni ile meza ya meli, lakini imesimama mu vumbi. Hatutukane wenye kukopa. Hospitali haingojee tarehe 30. Tunasema tu kama hakuna mutu anapaswa kulipa deni na kuchukua ingine mu dakika ileile. Rudia ku nyumba kwanza, uone feza ile mu mwangaza wa lampe yako.

Inabaki mambo moja, na hii inatuhusu sisi madelege wenyewe. Miaka yote tunasinya na makampuni makubaliano ya pamoja: nyongeza, masomo ya watoto, matunzo, transpor. Siku hizi kampuni zingine zinakuja mapema, makubaliano ya sasa yangali na mwaka, na wanasema: «Tusinye ya miaka yenye kufuata, tuko na amani, mambo iko muzuri.» Wanatualika mu hoteli, chakula ni muzuri, kuko kiyoyozi, tunapigwa picha. Ni sawa kabisa na ku bato. Na ndani ya makubaliano ya sasa kuko vipengele haviyatimizwa: ambilansi waliahidi haionekane, nyumba za wajane hazijalipwa, basi ya zamu ya usiku ingali ileile yenye kuzimika mu njia.

Kwa maoni yetu, na tunajua si madelege wote wanakubali, hatupashwe kukaa ku meza ya makubaliano yenye kufuata mbele ya kupiga hesabu ya haya, mustari kwa mustari, mbele ya wafanyakazi, hapana mu hoteli. Kile kimefanyika, kiandikwe kimefanyika. Kile hakijafanyika, tarehe. Wenzetu wengine wanasema tukichelewa bei ya shaba inaweza kushuka na tutakosa nyongeza. Ni neno lenye maana, tumeona shaba ikianguka mu 2008 na watu wakafukuzwa kwa elfu. Lakini bei ikianguka, saini ya mapema haikuchunga mutu wakati ule, na hatuone namna itamuchunga leo. Kama wanataka tufunge bei mapema, basi watupatie kile wanapatia musafiri wa meli: kipengele chenye kuandikwa kama mambo ikibadilika, na sisi tunaweza kurudia ku meza na kubadilisha.

Kwa wandugu wa mugodi wenye walipewa kontra mupya miezi hii na kontra ya kwanza haijaisha: musituletee tu mupya. Leteni zote mbili, kopi inatosha, ku biro ya sendika yenu, siku ya kupumuzika ya ekipe yenu. Tunaandika ku liste moja jina ya patron wa zamani, jina ya patron mupya, tarehe ya kila moja, na kazi yenyewe kama imebadilika ao haikubadilika. Tukiwa na karatasi za kutosha, tutazipeleka kwa enspekta wa kazi zote pamoja. Wajane wenye bwana zao walikufa mu kontra ya pili ao ya tatu, nao pia walete; miaka ya marehemu inahesabiwa.